Pakiti ya Manjano Juu ya Kompyuta

Kila asubuhi, kabla hajagusa swichi yoyote, Hsiao Yung-chuan aliinyoosha pakiti. Ilikuwa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi vya ladha ya nazi, vile watoto wanavyonunua dukani wakitoka shule, nayo ilisimama juu ya kompyuta ya chumba cha michoro kama askari wa zamu. Chuan aliigeuza ikatazama mbele, akasoma tarehe iliyopigwa mgongoni, akaigonga mara mbili kwa kidole cha kati.

"Haya, tulia tufanye kazi," alisema kwa sauti ya chini. Ndipo akawasha.

Hapo Shetou, mji mdogo wa Taiwan, hakuna mwenye mashine asiye na pakiti yake. Viwanda vya soksi vinayo, benki inayo, hata chumba cha kukatia tiketi za treni kinayo. Pakiti inaipa mashine adabu. Masharti yake ni matatu: isipitwe na tarehe, isiliwe, na iwe ya kijani, maana kijani ndiyo rangi ya taa inayosema kazi inakwenda. Ya manjano ni rangi ya taa ya onyo. Ya manjano unampa mtoto ale, huiweki juu ya mashine.

Chuan alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza katika kiwanda kile kimoja. Nusu ya mji ni ukoo wa Hsiao; ukiita Hsiao sokoni watageuka watu mpaka muuza samaki. Kwa hiyo kiwandani waliacha jina wakamwita Fundi. Ndiye aliyeichora michoro ya soksi kwenye kompyuta, ua baada ya ua, mstari baada ya mstari, kisha mashine za kufuma zikafuata alichochora. Shule aliiacha darasa la nne, akaenda kuchuma mapera. Herufi za kizungu hakuzijua. Lakini kompyuta yote ilisema kizungu, basi alizikariri sura zake kama mtu anavyokariri njia ya kwenda kwao: penye neno refu lenye vijiti viwili, bonyeza, penye neno fupi lenye duara, usiguse. Alikuwa na daftari la michoro ya kila kioo alichowahi kukiona. Namba tu ndizo alizisoma mwenyewe, na namba zilimpenda.

Watu walidhani anasoma. Hakuwahi kuwaambia kwamba anasoma, na hakuwahi kuwaambia kwamba hasomi.

Mwezi wa pili wa mwaka ule kompyuta yake ya zamani ilitoa moshi ikafa. Mama Bosi, mjane wa mwenye kiwanda, alikwenda mji wa jirani wa Yuanlin akarudi na nyingine, nyeusi, kimya, yenye taa za bluu tumboni. Ilikuwa na nguvu za kompyuta ishirini za zamani. Tatizo likawa moja: programu ya kuchorea soksi ilikataa kukaa kwenye mfumo mpya uliokuja na kompyuta ile. Iliujua mfumo mmoja tu, ule wa miaka kumi na tano nyuma, unaofunguka na picha ya kilima cha majani chini ya mbingu ya bluu. Na kazi ilikuwa imebisha hodi. Hekalu moja kubwa lilikuwa limeagiza soksi za mahujaji wanaotembea siku tisa nyuma ya kiti cha kubebwa cha mungu mama, na mchoro wake, ua jekundu la yungiyungi kifundoni, ulikuwa ndani ya diski ya kompyuta iliyokufa pamoja na michoro mingine yote ya miaka kumi na minne.

"Diski haikufa," Chuan aliwaambia. "Imekufa nyumba, si mwenye nyumba. Nitauweka mfumo wa zamani kwenye mashine mpya, kisha nihamishe michoro."

Pei-shan, mkwe wa Mama Bosi, aliyesimamia karatasi za ofisi, aliinua macho. "Mjomba, mfumo ule hautaijua mashine hii. Ni kumwita babu aje aendeshe treni ya mwendo kasi."

"Babu akiijua reli, treni itakwenda."

"Basi sisi abiria tujishike," alisema A-Lien, mama wa makamo aliyekaa karibu na mlango akishona vidole vya soksi. Wenzake wakacheka.

Pei-shan hakucheka. "Kuna njia nyingine. Tunauacha mfumo mpya ulipo, halafu ndani yake tunauweka wa zamani, kama mpangaji kwenye chumba cha uani. Jioni hii nitakufanyia."

Kufanyiwa. Mbele ya A-Lien na mashine kumi na mbili. "Sijawahi kuwa mpangaji," alisema Chuan. "Nipeni siku mbili."

"Sawa, Mjomba. Lakini nakala ya michoro umeshatoa, siyo?"

Hakuwa ametoa. Katika miaka yote ile hakuwahi kutoa, maana kioo cha kutolea nakala hakikuwa katika daftari lake. Wote walikuwa wakimtazama.

"Nimetoa," alisema.

Siku ya kwanza ilimdhalilisha kimyakimya. Mfumo wa zamani ulipoanza kujiweka haukuiona kibodi mpya wala kipanya. Ulikuwa kama mzee aliyeletewa wajukuu asiowafahamu. Chuan akachimba stoo akapata kibodi ya plagi ya duara. Kikaja kioo cha bluu chenye maandishi meupe, kikagoma hapo mara tisa. Akapekua mipangilio, akaizungusha mmoja mmoja, mpaka mashine mpya ikakubali kujifanya ya kale. Jioni alikwenda nyumbani mgongo umekufa ganzi, lakini moyo juu.

Siku ya pili asubuhi Thoa alipita na ufagio. Nguyen Thi Thoa alikuwa mwanamke wa Vietnam aliyeolewa hapo Shetou, mfagizi wa kiwanda, mtu wa maneno machache. Aliona kompyuta mpya iko uchi, haina pakiti juu yake, na ile ya kijani imepitwa na tarehe. Alikwenda duka la kona akarudi na pakiti, akaisimamisha juu ya kompyuta, akaigeuza itazame mbele kama alivyomwona Fundi akifanya. Chuan hakuiangalia. Alikuwa amefika kwenye kioo cha kuchagua diski.

Alikuwa ameifunga diski ya zamani ndani ya mashine mpya, kando ya diski mpya, ili asisumbuke baadaye. Alitegemea atazitambua kwa ukubwa. Diski mpya ilikuwa kubwa mara sita. Lakini kioo kilileta mistari miwili, na mwishoni mwa kila mstari namba ile ile: 131069. Mfumo wa zamani ulikuwa na mwisho wa kuhesabu. Ukifika hapo unasimama, kama mtu ambaye zaidi ya mia kwake ni nyingi tu. Kwake diski zile mbili zilikuwa mapacha.

Mbele ya kila namba kulikuwa na maneno. Maneno yale yalisema ipi ni ipi. Pei-shan alikuwa ameketi hatua kumi tu, akinywa chai ya maziwa kwa mrija. Kumwita kulihitaji neno moja. Chuan alifungua daftari. Kwenye daftari mchoro ulikuwa na mstari mmoja. Alitazama mistari miwili kwa muda mrefu, akajiambia wa juu ndio mpya, maana mgeni huketishwa juu. Akabonyeza. Kioo kikauliza kitu, akabonyeza tena. Utepe wa manjano ukaanza kutambaa kushoto kwenda kulia.

Saa saba mchana kilima kikatokea. Kilikuwa kimetanuka, kipana, chenye ukungu, kama kinatazamwa ndani ya ndoo ya maji, kwa kuwa mfumo haukujua kukitumia kioo kipya. Lakini kilikuwa kilima. Wafumaji waliacha mashine wakaja.

"Babu ameendesha treni," alisema A-Lien.

"Polepole, lakini inakwenda," alisema Chuan akitabasamu. Akafungua diski aliyodhani ni ya zamani. Mfumo haukuweza hata kuisoma. Akafungua nyingine. Ilikuwa tupu, safi, ina kilima peke yake. Alielewa papo hapo, wala hakuhitaji kusoma: diski aliyoifuta ndiyo ile ya michoro.

Mama Bosi alikuwa nyuma yake. "Nionyeshe yungiyungi la mahujaji. Hekalu wanakuja kuangalia sampuli baada ya wiki mbili."

Chuan akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mradi mkono uonekane unafanya kazi. Ni A-Lien aliyepaza sauti, naye alikuwa anatania tu.

"Haa, na hii ya manjano imewekwa na nani?"

Wote wakaitazama pakiti. Ilikuwa ya manjano, ya ladha ya bizari, imesimama juu ya kompyuta kama taa ya onyo.

"Mimi, Mama," alisema Thoa, ufagio mkononi. "Ya kijani iliisha dukani. Nilidhani rangi si kitu."

"Rangi si kitu," alirudia Mama Bosi. "Kwenu mnaweka nini juu ya mashine?"

"Kitambaa, Mama. Kuzuia vumbi."

Walicheka, ila Mama Bosi hakucheka. Alimgeukia Chuan. "Michoro imepotea?"

"Imepotea."

"Mama, pakiti haifuti diski," alisema Pei-shan. "Mjomba, si una nakala?"

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Angeupita, wangemtukana, na jioni wangekunywa chai pamoja. Lakini aliona nyuso zao, uso kwa uso, na zote zilikuwa bado nyuso za watu wanaomtazama Fundi.

"Nakala nayo imeharibika," alisema.

"Mmeona?" Mama Bosi alisema polepole. "Mpaka nakala." Akamtazama Thoa, kisha akamtazama Chuan kama anayeuliza iwapo ndiye, na Chuan akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayekubali kuongezewa chai.

Kutikisa kule ndiko alikokukumbuka baadaye kuliko vyote. Hakumsingizia mtu kwa mdomo. Alimsingizia kwa shingo.

Thoa alitolewa kwenye ufagio akapelekwa chumba cha pasi, ambako soksi huvalishwa kwenye miguu ya chuma na kufukizwa mvuke. Mama Bosi hakuwa mkatili. Alitaka tu mkono ule ukae mbali na kompyuta mpaka mambo yapoe. Siku ya pili yake Thoa alikuja chumba cha michoro, nywele zimeloa jasho, akamnyooshea Chuan pakiti ya kijani kwa mikono miwili. Alikuwa ameiendea Yuanlin kwa baiskeli.

"Fundi, nisamehe. Kazi yako ya miaka yote. Sikujua."

Angeweza kusema kweli. Badala yake aliipokea pakiti kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea. "Si kitu," alisema.

Alikuwa amemsamehe mtu ambaye hakumkosea.

Tangu hapo aliketi na soksi ya mwaka jana imevutwa juu ya chupa, akihesabu vishono kwa sindano na kuchora upya. Watu walimwonea huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi. Walipunguza sauti wakipita mlangoni pake. A-Lien alimletea mapera yaliyokatwa, yamenyunyiziwa unga wa plamu.

"Kula, Fundi. Umekonda kwa kosa la mwenzio."

Alikula. Angekataa angeulizwa kwa nini. Alikuwa amekulia kwenye mapera, na yale hayakuwa na ladha. Kila alipokwenda msalani alipita chumba cha pasi, akamwona Thoa kupitia mvuke, mikono imejaa alama nyekundu, akivuta na kuvua, akivuta na kuvua. Thoa alimwinamia kichwa kila mara. Siku ya sita Chuan akaanza kuzunguka kwa nje kupitia maegesho ya pikipiki. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini yeye alikuwa maiti na mwosha kwa pamoja.

Tarehe kumi na sita ya mwezi wa kalenda ya kale ikafika, siku ambayo wenye biashara humtengea sadaka mungu wa ardhi. Meza ilitandikwa mlangoni pa kiwanda: kuku mzima, machungwa, biskuti, vikombe vitatu vya pombe, na pakiti sita za kijani zimepangwa mbele. Mashine zilizimwa. Mama Bosi alimwita Thoa kutoka chumba cha pasi.

"Njoo, mwanangu. Leo omba radhi mbele ya mungu na mbele ya mashine, jambo liishe. Kesho unarudi kwenye ufagio wako."

Alisema kwa upole, na kweli alikusudia wema. Thoa alifuta mikono kwenye aproni, akapewa vijiti vitatu vya udi vinavyofuka. Alisimama mbele ya meza. Kisha akageuka, akamtafuta Chuan kati ya watu.

"Fundi, lugha yenu ya kuombea siiwezi. Nitakosea tena. Nisemee wewe, mimi nifuate."

"Vizuri," alisema Mama Bosi. "Msemee, Fundi. Wewe ndiye uliyekosewa."

Wakampisha. Chuan akasimama kando ya yule mwanamke. Moshi wa udi ulikuja machoni pake, na alama za kuungua alizoziona kupitia mvuke sasa zilikuwa karibu kiasi cha kuzihesabu. Zilikuwa saba mkono wa kushoto.

"Unaanza na jina," alisema. "Mungu lazima ajue ni nani na anakaa wapi. Sema: Mimi."

"Mimi," alisema Thoa.

"Hsiao Yung-chuan."

Thoa akamgeukia. "Fundi, hilo ni jina lako."

"Najua." Akavichukua vijiti mkononi mwa Thoa. Majivu yakaanguka kwenye kidole gumba, hakuyapangusa. "Mimi Hsiao Yung-chuan, ninayekaa nyuma ya kituo cha treni, mwenye miaka hamsini na tisa. Sikutoa nakala. Nilisema nimetoa, sikutoa hata mara moja. Kioo kilileta mistari miwili sikuweza kuisoma, kwa sababu sijui kusoma herufi zile, sijawahi kujua. Mtu wa kunisomea alikuwa hatua kumi. Sikumwita. Nikafuta michoro kwa mkono wangu. Dada huyu alinunua pakiti tu."

Nje pikipiki ilipita.

Mama Bosi ndiye aliyesema kwanza, na hakumwita Fundi. "Siku kumi na moja, Chuan."

"Ndiyo, Mama Bosi."

"Michoro ningekutukania siku moja tukaendelea. Lakini siku kumi na moja umeniacha namchemsha mtoto wa watu, nami naona natenda haki."

"Ndiyo."

"Na kichwa ulinitikisia."

"Nilitikisa."

Thoa alikuwa akimtazama. Chuan alisubiri amkasirikie, ingemfaa. Thoa alitazama mikono yake mwenyewe, akaifunika kwa aproni kana kwamba ndiyo iliyomwaibisha Fundi, akasogea nyuma kwa wenzake.

"Mjomba," alisema Pei-shan, "diski umeiweka wapi? Usiiwashe tena. Wapo watu wanaoweza kutoa kitu hata kwenye diski iliyofutwa. Si vyote, lakini kitu."

"Droo ya chini. Nimeifunga kwenye kitambaa. Yungiyungi nimefika nusu, hesabu zake zimo kwenye daftari. Namba utazielewa. Michoro ya vioo iache, hiyo ni ya mtu asiyesoma." Akachomeka vijiti kwenye chungu cha majivu, akainama mara tatu. Kisha akatoa ufunguo wa chumba cha michoro mfukoni, akauweka mezani kati ya machungwa na pakiti za kijani.

"Huo wa nini?" alisema Mama Bosi. "Hakuna aliyekufukuza. Unakwenda wapi?"

"Kunawa uso."

"Nawa, urudi tule. Maneno mengine yatafuata." Akamgeukia A-Lien. "Funika chai yake isipoe."

Chuan alisikia kifuniko kikigonga kikombe. Alipita maegesho, akafika kwenye bomba la uani. Maji yalikuwa yakidondoka kama siku zote. Hakusimama. Alitoka kwenye geti, akashika barabara ya mashamba ya mapera, ambako matunda yalikuwa yamefungwa mifuko moja moja yasiguswe na wadudu. Karibu na reli ndipo alipoona kwamba bado amevaa ndala za bluu za kiwanda, zenye namba ya zamu yake iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Viatu vyake vilikuwa kule, mlangoni, vimetazama ndani.

Akavuka reli na ndala zile, na viatu hakuvirudia.